Mafini za matunda zenye sukari kidogo: ndizi, tende, asali au sukari nusu?

BintiPangani

Habari za jioni wapendwa. Naleta matokeo ya kazi ya Jumamosi mbili, na bado nahitaji msaada wenu.

Mama aliambiwa ana kisukari mwaka jana. Maandazi na vitumbua ameviacha bila kulalamika, lakini chai ya saa kumi bila kitafunwa naona inamshinda. Anakishika kikombe mpaka chai inapoa. Ndipo nikaamua kutafuta mafini za matunda, vile vikeki vya kwenye vikaratasi, ambazo anaweza kula kweli, nisije nikawa namdanganya kwa jina la matunda.

Kipimo chetu cha siku zote kinatoa mafini 12: unga wa ngano gramu 250, mayai mawili, mafuta ya alizeti mililita 80, mtindi mililita 200, beking pauda vijiko vidogo viwili, beking soda nusu kijiko kidogo, chumvi kidogo na iliki. Sukari ilikuwa gramu 150, yaani kila mafini ilibeba gramu 12 na nusu, karibu vijiko vidogo vitatu. Katika majaribio yote nimebadilisha utamu tu.

Trei ya kwanza nilitia sukari nusu, gramu 75. Zilichambuka vizuri, ila zilitoka nyeupe na kesho yake zilikuwa kavu. Ya pili niliponda ndizi kisukari zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi, gramu 350, nikaongeza sukari kijiko kikubwa kimoja. Harufu ilijaa nyumba nzima, lakini zilikuwa nzito na katikati zilibonyea. Ya tatu ni tende gramu 150 bila kokwa, nilizoloweka kwenye maji ya moto nikazisaga. Hizi ndizo watoto walizozimaliza. Ya nne asali gramu 100. Kingo ziliungua kabla ya ndani kuiva.

Ningependa kujua ipi nimshikie Mama, na hizi za ndizi nizifanyeje ziwe nyepesi?

JikoLaMkaa

Pole na hongera, dada. Kazi ya kupima namna hii wengi hatuifanyi.

Shida ya ndizi iko kwenye maji. Robo tatu ya ndizi mbivu ni maji, kwa hiyo gramu 350 zimeingiza zaidi ya gramu 250 za maji juu ya mtindi uliouacha vilevile. Punguza mtindi mpaka mililita 60 hivi, uone. Jambo la pili ni jinsi unavyokoroga kwa mwiko. Sukari hulainisha kinyunya cha keki kwa sababu huvuta maji na kuuzuia unga usikaze. Ukiipunguza, ulinzi huo umeondoka, na ukikoroga sana unapata mpira. Changanya vikavu peke yake, vya maji peke yake, kisha kutanisha kwa mizunguko kumi au kumi na miwili. Mabonge madogo ya unga yaache, yatamalizikia kwenye moto.

Asali inapata rangi haraka kuliko sukari. Kama oveni yako ulikuwa umeiweka nyuzi 180, ishushe mpaka 165 na uongeze dakika chache. Ina maji yake pia, kama asilimia 17, kwa hiyo punguza mtindi vijiko viwili vikubwa.

Mimi sina oveni, naoka kwa sufuria kubwa yenye mchanga chini, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Kwa mafini za sukari kidogo moto wa juu ndio unaonisaidia kupata rangi, maana sukari ya kuzipaka rangi haipo. Dakika tano za mwisho naongeza mkaa juu.

NesiLishe

BintiPangani, mwanangu, umefanya la maana kumfikiria Mama. Nimefanya kazi na watu wa kisukari miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nianze na hesabu.

Sukari kwa kila mafini, ya kutiwa na ya tunda pamoja: trei ya sukari nusu ni gramu 6. Ya ndizi ni gramu 4 na nusu, kwa kuwa gramu 100 za ndizi mbivu zina sukari kama 12. Ya asali ni karibu gramu 7. Ya tende ni karibu gramu 8, kwa sababu tende kavu ni sukari kwa takriban theluthi mbili ya uzito wake. Umeona? Ile tunayodhani ndiyo salama zaidi ndiyo yenye sukari nyingi kuliko zote nne. Tende zina nyuzinyuzi na madini, ni chakula chema, lakini gramu 150 ni gramu 150.

Asali nayo tusiifiche. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaihesabu pamoja na sukari ya kutiwa, sawa na sharubati na maji ya matunda. Unashauri sukari za aina hiyo zisifike asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na ikiwezekana zishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko vidogo sita. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo kwenye hesabu hiyo.

Ila kwa mgonjwa wa kisukari kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa: unga. Gramu 250 za unga mweupe zina wanga kama gramu 190. Gawa kwa 12, kila mafini ina gramu 16 za wanga kabla hujatia hata punje ya sukari, na wanga huo unageuka sukari mwilini. Watu wengi huhangaika na kijiko cha sukari na unga wanauacha vilevile.

MzeeWaMizinga

Nesi, shikamoo. Nakuheshimu, lakini asali umeionea kidogo. Mimi nafuga nyuki huku Tabora, na asali ya miombo naijua tangu utoto. Utamu wake ni mkali kuliko sukari, ndiyo maana binti ametumia gramu 100 badala ya 150 na ladha ikatosha. Hiyo si akiba? Na mafini ya asali haikauki kesho yake.

NesiLishe

Marahaba, ndugu yangu. Akiba ipo, nakubali, na la kutokauka ni kweli kabisa. Ninachokataa ni mtu kumwambia mgonjwa kwamba asali haihesabiki. Nimeona watu wanaacha sukari kwenye chai wanatia asali vijiko vitatu, kisha wanashangaa kipimo. Na kwa wenye watoto wachanga: asali wasipewe kabisa kabla hawajatimiza mwaka mmoja, hata ikiwa imo ndani ya kitu kilichookwa.

MzeeWaMizinga

Hilo la watoto ni haki, hata sisi tunawaambia wateja. Basi chukueni njia yangu ya nyumbani: msitie asali ndani ya mchanganyiko. Mafini zikitoka motoni, yeyusha kijiko kikubwa kimoja cha asali kwa maji moto kidogo, zipake zote 12 juu kwa brashi. Ulimi unakutana nayo kwanza, unaamini keki nzima ina asali. Ni gramu moja na ushee kwa kila moja.

MtendeMuscat

Salaam kutoka Muscat. Huku tende hazikosekani nyumbani, na kwa wazee wetu kisukari nacho kipo, kwa hiyo mjadala huu ni wetu pia.

Tende si aina moja. Khalas ni laini na ina ladha kama ya sukari iliyoungua kidogo, hiyo ndiyo ya kusaga. Fardh ni nyeusi na imekaza, mimi naikatakata vipande vidogo na kuichanganya, kipande kimoja mdomoni kinatosha kukupa utamu. Ukiloweka tende tia chembe ya beking soda kwenye maji ya moto, maganda yatalainika na hutaona vipande vigumu kwenye keki. Maji ya kulowekea usimwage, yahesabu kama sehemu ya mtindi.

Kitu ambacho nawaomba msikitumie kwa mgonjwa ni asali ya tende, ile ya chupa. Nyuzinyuzi karibu zote zimechujwa, kimebaki kiowevu cha sukari.

Kwa hesabu ya Nesi, mimi ningetia tende gramu 50 tu na kuacha ndizi ifanye kazi kubwa.

MwokajiNakuru

Niaje wote. Mimi huoka na kuuzia majirani hapa Nakuru, na wateja wawili wanaomba za kisukari.

Nilijaribu unga wa atta mtupu, ule wa ngano isiyokobolewa, nikidhani nimetatua. Zilikuwa ngumu. Atta hunywa maji mengi, kwa hivyo sasa nachanganya nusu kwa nusu, natumia maziwa lala, na naacha mchanganyiko ukae dakika kumi kabla ya kujaza vikaratasi. Nesi, atta inasaidia kweli ama nawadanganya wateja?

Kuhusu matunda, nimeacha kuponda kila kitu. Embe nakata vipande vidogo, navipaka unga mkavu visizame chini. Nanasi lazima ulikamue maji kwanza. Na mafini hizi haziwekeki kama za kawaida: sukari ndiyo hushika maji, ikipungua na tunda likiongezeka, ukungu unakuja upesi. Siku moja mezani, zingine friji, na za wiki ijayo naziweka kwenye friza zikiwa zimefungwa moja moja.

NesiLishe

Mwokaji, atta inaongeza nyuzinyuzi, na hiyo ni faida. Lakini ikiwa imesagwa laini sana, sukari ya damu hupanda karibu kama kwa unga mweupe. Kinachopunguza wanga ni kutoa sehemu ya unga na kuweka kitu kisicho na wanga mwingi. Karanga ndizo rahisi kwetu. Toa gramu 80 za unga, weka gramu 80 za karanga zilizokaangwa na kusagwa. Unaokoa wanga kama gramu 4 kwa kila mafini, sawa na kuondoa kijiko kidogo kizima cha sukari. Karanga zina mafuta yake, kwa hiyo mafuta ya alizeti yashuke kutoka mililita 80 hadi 50. Chagua karanga safi, zilizokunjamana au zenye ukungu tupa, maana sumukuvu haiondoki kwa kuoka.

Binti, Mama ale moja, pamoja na chai isiyo na sukari, na apime saa mbili baadaye. Mwili wake utakuambia kuliko sisi wote hapa. Na kama anatumia sindano au vidonge vya kushusha sukari, mweleze mtoa huduma wake mabadiliko yoyote ya mlo.

JikoLaMkaa

Karanga zitasaidia ulaini pia, hazina ule utando wa ngano unaokaza. Nesi, ahsante, hili sikulijua.

BintiPangani

Nimerudi. Jana nimeoka trei ya tano kwa maneno yenu: unga wa ngano gramu 170, karanga za kusaga 80, ndizi gramu 200, Khalas gramu 50 nilizopata dukani kwa Waarabu, mtindi mililita 100, mafuta 50, sukari ya kutia hakuna. Iliki niliongeza mpaka kijiko kidogo kizima na vanila kidogo. Mizunguko kumi na mbili ya mwiko, niliihesabu kwa sauti.

Zimepanda. Hazikupanda kama zile za sukari 150, juu ni bapa kidogo, lakini katikati hazikubonyea na zikikatwa zinachambuka. Kwa hesabu ya Nesi nimepata sukari chini ya gramu 5 kwa kila moja, na wanga wa unga umeshuka kutoka 16 hadi kama 11. Sehemu moja niliipaka asali ya Mzee, nyingine niliiacha. Watoto walitaka za asali. Mimi sikuona tofauti kubwa.

Mama alikula moja isiyopakwa, taratibu, na chai yake ya tangawizi. Saa mbili baadaye tulipima, na kipimo kilikuwa ndani ya mpaka aliowekewa kliniki. Leo saa tisa na nusu ameshaniuliza kama zimebaki. Ila anasema iliki imezidi, anataka safari ijayo nikwangue ganda la chungwa. MwokajiNakuru, ganda la chungwa moja litatosha trei nzima, au nikwangue mawili?

MwokajiNakuru

Moja kubwa linatosha. Kwangua rangi ya juu pekee, ile nyeupe ya chini ina uchungu, na ukiwa na sukari kidogo uchungu haufichiki.