Msaada: mkono wa gramafoni ya marehemu mzee unarudi kabla wimbo haujaisha

Kijana_wa_Kikuyu:
Wakuu, heshima kwenu. Niko Dodoma mjini. Mzee wetu alituachia gramafoni ya miaka ya themanini, ile ambayo mkono wake haupindi kama za kawaida: umo ndani ya kifuniko na unatembea kwa mstari ulionyooka. Unabonyeza kitufe tu, yenyewe inatafuta mwanzo wa santuri na kushusha sindano.

Sasa inapiga kama nusu dakika, mkono unanyanyuka, unarudi kwao. Sahani inazunguka vizuri. Fundi mmoja ameniambia mota imekufa, niuze chuma chakavu. Moyo umekataa. Mwezi ujao tunamkumbuka mzee, mwaka mmoja, na mama anataka kusikia zile santuri ndogo za mwendo wa 45 za Morogoro Jazz walizokuwa wakicheza wote sebuleni. Nifanye nini?

Bisibisi:
Mota iliyokufa isingesogeza mkono hata hiyo nusu dakika. Usiuze!

Iko hivi. Ndani ya mkono kuna jicho la mwanga linaloangalia kama sindano imeanza kwenda upande. Ikienda upande kidogo, jicho linaiamuru mota ndogo isogeze mkono mzima. Mota hiyo inavuta kwa mkanda mwembamba wa mpira, na mpira wa miaka 40 umelegea au umeyeyuka. Mota inazunguka, mkono haufuati, mashine inaona mambo hayaendi, inanyanyua sindano. Nimekuta hili zaidi ya mara moja.

Chomoa umeme, fungua kifuniko, tazama mkanda kwanza. Grisi iliyokauka ifute kwa spiriti na pamba, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ufito ambao mkono unatembea juu yake. Tone moja, mkuu.

Shemeji_wa_Kongwa:
Weka mpira wa kufungia noti, maisha yaendelee.

Bisibisi:
Hapana, shemeji. Mpira wa noti haulingani unene, mkono utakwenda kwa kushtukashtuka na sindano italima santuri. Pima kwa uzi kuzunguka magurudumu yote mawili, punguza kama asilimia 5, agiza mkanda wa mraba wa saizi hiyo. Usipime ule wa zamani, umeshavutika.

Dada_Santuri:
Pole kwa msiba, mdogo wangu. Naongeza mawili.

Soma kibati cha nyuma kabla ya kuchomeka popote. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni volti 100, za kwetu 230 zinaiunguza.

La pili, sindano. Kampuni ya Technics walipotoa gramafoni yao ya SL-10 mwaka 1979 walikuja na kichwa cha sindano cha kuchomeka kinachoitwa T4P, kinashikwa kwa skrubu moja na uzito wa sindano kukandamiza santuri umeshapangwa, gramu 1.25. Kama yako ni ya aina hiyo, usijaribu kuongeza uzito wala kubandika sarafu. Vichwa vya aina hiyo bado vinapatikana.

Na vumbi la Dodoma mnalijua. Mashine nyingi za namna hii zinatambua ukubwa wa santuri kwa mwanga unaopita kwenye vitundu vya sahani. Vikiziba, au ukitandika kitambaa juu yake, inakosea kutambua santuri.

Kijana_wa_Kikuyu:
Asanteni sana. Kibati kinasema 220–240. Kuna na santuri nzito za babu zimeandikwa 78, nazo?

Dada_Santuri:
Hizo usiziweke kabisa. Mashine yako ina mwendo wa 33 na 45 tu, na sindano yake ni nyembamba mno kwa mifereji ile. Zifunge kwa karatasi, zisimame wima, mbali na dirisha la jua.

Kijana_wa_Kikuyu:
Nimefungua jana usiku. Mkanda umekuwa kama lami, umenibaki vidoleni. Mota niliigusa na betri ndogo, inazunguka! Nimeosha magurudumu, nimepima kwa uzi wa mama, mkanda nimeagiza Dar. Mama amekwisha zifuta zile 45 zote, amezipanga mezani.