Tupeane uzoefu: mji gani mkubwa wa Marekani ulikulisha vizuri na ukautembea bila gari?

Kijiko cha Mbao
Wakuu, salaam. Jana kwenye daladala ya kutoka Mwenge kulikuwa na vijana wawili wanabishana. Mmoja anasema New York ndiyo Marekani yenyewe, mwenzake anasema hakuna mji kama Chicago. Mimi nilisoma kule Midwest, majimbo ya kati upande wa kaskazini, na likizo zangu zote ziliishia kwenye mabasi na treni, kwa hiyo ubishi wao ulinirudisha mbali sana. Naombeni waliofika watupe uzoefu wao.

Mji naupima kwa kitu kimoja: nikishuka uwanja wa ndege na begi langu, nafika penye chakula cha maana bila kumpigia mtu simu anifuate? Chicago inajibu swali hilo. O'Hare unapanda treni ya Blue Line, Midway unapanda Orange Line, unashukia katikati ya mji. Kitu cha kwanza tafuta hot dog ya kwao. Ni soseji ya ng'ombe kwenye mkate wenye mbegu ndogo nyeusi juu, haradali ya njano, kitunguu, vipande vya nyanya, tango la siki limelazwa kwa urefu, na pilipili ndogo za kijani. Tomato sosi haiwekwi, na ukiiomba foleni nzima inageuka kukuangalia. Pizza yao nene inaoka muda mrefu, inaweza kufika dakika 45, usiende ukiwa na njaa kali. Jioni shuka Ziwa Michigan. Kuna njia ya kutembea ya maili 18 kandokando ya maji na haina kiingilio.

Haya, karibuni.

Mchagga wa Bronx
Chicago nzuri, lakini tusidanganyane. Treni za New York zinatembea usiku na mchana, vituo zaidi ya 470. Saa tisa usiku unatoka kazini, unapanda treni, ukishuka kuna mtu na mkokoteni kwenye kona anakupakulia wali wa njano na kuku wa halali. Mji gani mwingine unakupa hivyo?

Mama yangu alipokuja kunitembelea nilimpeleka kila mahali pa gharama. Alichokipenda kuliko vyote ni kivuko cha Staten Island, ambacho ni bure. Tulikaa upande wa kulia, Sanamu ya Uhuru ikapita mbele yetu, tukafika ng'ambo, tukageuka tukarudi. Kesho yake asubuhi ameshavaa, anauliza tunaondoka saa ngapi kwenda kivukoni.

Kwa chakula achana na Times Square. Panda treni namba 7 uingie Queens. Ukishuka Jackson Heights utakuta Wahindi, Watibeti na Wakolombia mtaa mmoja. Ukiendelea hadi mwisho wa njia, Flushing, ni Wachina.

Tanga Raha
Nakazia hapo kwenye treni namba 7.

Dada Mkubwa
Mchagga, mbona hujasema ngazi? Vituo vingi havina lifti. Mtu anakuja na masanduku mawili ya kilo 23, umemwambia treni ni rahisi, anafika juu anahema hawezi hata kukusalimia. Waambieni watu ukweli.

Bonde la Ufa
Habari zenu ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni Mkenya, niko Lowell, Massachusetts, na Wakenya huku tuko wengi. Mmetaja Chicago nikakumbuka Field Museum. Wale simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 wako pale, ndani ya kioo. Nilikulia nikisikia habari zao kwa babu, na nilitegemea kukuta wanyama wa kutisha. Ni madume lakini hawana manyoya shingoni, na ni wadogo. Baadaye nikasoma kwamba Patterson aliyewaua alikaa na ngozi zao kama mazulia nyumbani kwake miaka 25 hivi, akaziuza kwa makumbusho mwaka 1924 kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimekatwakatwa, ndiyo maana walipojazwa walitokea wadogo kuliko walivyokuwa hai.

Nilisimama pale hadi mke wangu akanivuta mkono. Watoto wa Kizungu wanapiga picha, mimi nawaza wale vibarua wa Kihindi na wa Kiafrika. Warudishwe nyumbani, hiyo ndiyo kauli yangu.

Mchagga wa Bronx
Warudishwe ili iweje? Chicago wanaonwa na dunia nzima.

Bonde la Ufa
Mkuu, dunia nzima inapita Tsavo pia. Reli iko pale pale, daraja liko pale pale. Mtoto wa Voi akitaka kuwaona atafute viza ya Marekani?

Mchagga wa Bronx
Sawa, hapo kwenye viza umenifunga.

Mmakua wa Masasi
Kwa vile tumeingia makumbusho, naomba niseme ya Washington DC. Makumbusho ya Smithsonian pale hayana kiingilio. Ile ya historia na utamaduni wa Waamerika Weusi ilifunguliwa Septemba 2016, ni vizuri uchukue tiketi yako ya bure mapema kwenye intaneti. Ukifika unaanzia chini kabisa, ghorofa za ardhini, halafu unapanda taratibu kwa miaka.

Kule chini nilikuta vyuma vizito, vimekaa tu kama vipande vya reli. Nikasoma maelezo. Ni vya meli ya Kireno, São José, iliyozama karibu na Cape Town mwaka 1794. Ilitoka Kisiwa cha Msumbiji na watu zaidi ya 400 waliofungwa, ikiwapeleka Brazil, na takriban nusu yao walikufa maji. Vyuma hivyo viliwekwa tumboni mwa meli ili isipinduke, kwa sababu mizigo ya binadamu ni myepesi na inasogea. Ng'ambo ile ya Kisiwa cha Msumbiji ni kwa Wamakua. Ni kwetu. Bibi mzaa baba alivuka Ruvuma kutoka huko. Nilikaa kwenye benchi, na mama mmoja Mwamerika Mweusi akaja akakaa pembeni yangu akanipa kitambaa. Hakuniuliza kitu.

Chakula DC ni cha Wahabeshi. U Street wapo, lakini nenda Silver Spring, upande wa Maryland, treni inafika.

Malindi Yetu
Pole sana Mmakua. Lakini kwa injera, ule mkate wao wa Kihabeshi, ni Los Angeles, mtaa wa Fairfax. Wameupa jina rasmi, Little Ethiopia.

Mmakua wa Masasi
Jina rasmi halinogeshi mchuzi, dada yangu.

Malindi Yetu
Umewahi kula Fairfax?

Mmakua wa Masasi
Sijawahi. Na sina haja.

Mwana wa Ujiji
Mada hii imenigusa pabaya. Nitasema ya Houston.

Nilipelekwa huko na ofisi kwa mafunzo, mwezi wa nane. Siku ya Jumapili hakuna kipindi, nikataka kula chakula cha Kiafrika, maana niliambiwa kusini-magharibi ya mji, upande wa Bissonnet, kuna Wanigeria tele. Nikauliza mapokezi ya hoteli, yule kijana akasema ni hapo tu, karibu. Ramani inasema kilomita tatu. Mtu wa Ujiji kilomita tatu ni nini? Nikavaa jezi yangu ya Simba nikatoka.

Wakuu, kule njia ya miguu inakatika. Unatembea kwenye saruji, ghafla ni majani, mbele mtaro, mbele tena barabara ya pembeni ya ile kuu na magari yanapita kwa kasi ya ajabu. Kurudi ni mbali, mbele hakuna pa kuvukia. Joto lilikuwa nyuzi 37, na lile joto lina unyevu, jasho halikauki. Nikatoa simu niite teksi. Kioo cheusi, picha ya kipimajoto: simu imezidiwa na joto. Hakuna duka wala mtu wa kumuuliza, katika mji wa watu zaidi ya milioni mbili! Nikasimama nyuma ya nguzo ya bango la matangazo. Kivuli chake kilikuwa chembamba, upana wa mabega, na kila jua likisogea na mimi nasogea nacho. Mdomo umekauka, miguu inatetemeka, macho yameanza kuona giza pembeni. Nilisoma shahada. Nasema kweli, niliisoma.

Gari moja likapita, likasimama mbele, likarudi nyuma. Kioo kinashuka, mama mtu mzima wa kitenge: "Weye wa Simba! Uko naenda wapi na jua hii? Ingiya mu gari, hapa batu habatembeake na muguu!"

Nilikaa kiti cha nyuma nikashindwa kuongea. Akanipa chupa ya maji: "Kunywa mayi kwanza, utaniambia kisha." Ni mtu wa Uvira, Kongo, ng'ambo ya ziwa letu. Alikimbia vita, akaishi miaka mingi Nyarugusu, kambi ya Kasulu, ndiko walikozaliwa wanawe wawili, na ndiyo maana jezi aliijua. Nilipomwambia natoka Ujiji aliachia usukani akapiga makofi. Akaniuliza soko la Mwandiga. Akaniuliza bei ya mawese. Hakunipeleka hotelini, alinipeleka kwake. Nikakuta bugali, sombe, yaani kisamvu, la mawese na ndakala, dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika, waliofika Texas wakiwa wakavu kwenye begi la mtu. Tulikuwa tunakula samaki wa ziwa moja, yeye wa ukingo ule na mimi wa ukingo huu.

Miji mingine nimefika, nimekula. Lakini mkiniuliza nililishwa wapi, jibu ni Houston.

Tanga Raha
Aisee. Nimesoma nimesimama.

Dada Mkubwa
Mungu amlinde huyo mama. Mnawasiliana mpaka leo?

Mwana wa Ujiji
Kila Idi yeye ndiye wa kwanza kupiga, na ni Mkristo. Binti yake alipoolewa nilituma kitenge cha Kigoma kwa mtu anayesafiri.

Jangwani Mpaka Kufa
Ila tuseme haki, ungevaa jezi ya Yanga yangesimama magari matatu.

Mwana wa Ujiji
Ungevaa ya Yanga ungekuwa bado uko nyuma ya nguzo.

Jangwani Mpaka Kufa
Haya, leo nakuachia kwa heshima ya huyo mama.

Shamba la Bibi
Poleni, lakini Houston mnaionea. Naishi hapa. Kodisha gari, basi, mji unafunguka. Mtaa wa Bellaire Wavietnamu wanapika kamba wa maji baridi kwa siagi, kitunguu saumu na pilipili, wanakumwagia mezani kwenye karatasi, unakula kwa mikono hadi kwenye viwiko. Msimu mzuri ni Machi na Aprili. Hillcroft ni Wahindi na Wapakistani, biriani na nyama za kuchoma. Jumba la sanaa la Menil halina kiingilio. Kwa wingi wa vyakula vya mataifa mbalimbali, Chicago haituwezi.

Kijiko cha Mbao
Mkuu, swali langu lilikuwa bila gari. Mgeni ambaye hana leseni unamwambiaje? Akasimame nyuma ya nguzo na yeye? Mji ambao mtu mzima anakaribia kuzimia kilomita tatu kutoka hotelini kwake una tatizo, biriani iwe tamu kiasi gani.

Shamba la Bibi
Kuna treni ya mjini inafika mtaa wa makumbusho na hospitali kubwa. Na mabasi yapo.

Kijiko cha Mbao
Inafika Bellaire kwa Wavietnamu?

Shamba la Bibi
Hapana. Basi linafika.

Dada Mkubwa
Mimi wangu ni New Orleans, na nawashauri mfike kwa treni kutoka Chicago. Inaondoka jioni, inakesha, kesho yake mchana mko Louisiana. Njia hiyo hiyo ndiyo familia nyingi za Weusi wa Mississippi waliyopanda kwenda kaskazini miaka ile ya kukimbia ubaguzi, na ndani ya behewa nilikaa na bibi aliyekuwa anarudi kuzika. Alinisimulia usiku kucha, akanigawia kuku wa kukaanga kutoka kwenye mfuko wa karatasi.

Mjini nenda Congo Square, ndani ya bustani ya Louis Armstrong. Ndipo watumwa waliporuhusiwa kukusanyika Jumapili kupiga ngoma na kucheza. Kula gumbo, mchuzi wao mzito wa bamia, na Jumatatu kula maharage mekundu na wali, ndiyo siku yake kwa desturi. Tramu ya St. Charles inakuzungusha kwa bei ndogo. Mimi niliyezoea maharage ya nazi nilirudia sahani.

Malindi Yetu
Maharage ya nazi hayana mpinzani, hapo hata Los Angeles naiweka pembeni.

Mdau Mpya
Wakuu, nina safari mwezi wa kwanza, wiki mbili, sina leseni. Niende wapi?

Kijiko cha Mbao
Chicago Januari usithubutu. Upepo wa ziwa unaingia hadi kwenye meno. Nenda Septemba.

Tanga Raha
Nenda hiyo hiyo Januari, hoteli zinashuka bei. Vaa soksi mbili.

Bonde la Ufa
Shukia New York, kaa siku chache, panda basi la Philadelphia. Pale kuna soko la Reading Terminal, liko tangu 1893, unakula ukizunguka. Kisha basi la DC. Miji mitatu, hakuna gari, na basi la New York hadi DC ni saa nne au tano tu foleni ikiwa nzuri.

Mchagga wa Bronx
Naunga mkono. Na mgahawani ukihudumiwa mezani acha bakshishi asilimia 18 hadi 20, wale wanaishi kwa hiyo.

Jangwani Mpaka Kufa
Asilimia 20! Nunua mkokotenini, kula umesimama.

Mdau Mpya
Asanteni. New York, Philadelphia, DC basi. Mmakua, ile tiketi ya makumbusho nichukue lini?

Mmakua wa Masasi
Ukishajua tarehe tu. Chagua asubuhi, ghorofa za chini zinakula muda. Na usipange kitu kingine mchana huo.