Ushauri: tunataka kupima ujazo wa bwawa la Mtera, ekosaunda (mashine ya kupima kina kwa mwangwi wa sauti) ya aina gani na mwezi gani?

Mpimaji_Dom:
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada hasa nyie mliowahi kupima kina cha mabwawa. Tunapanga kupima Mtera, kwenye makaratasi linabeba mita za ujazo bilioni 3 na ushee ila mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo inamwaga tope mle kila msimu tangu miaka ya 1980, sasa ujazo halisi wa leo ni upi? Timu imegawanyika, wengine wanataka ekosaunda ya miale mingi, mimi naona ya mwale mmoja inatosha. Mistari ya kupita boti iachane kiasi gani na twende mwezi gani?

fundi_ramani:
Mwale mmoja mkuu. Ile ya miale mingi inafagia upana kama mara tatu nne ya kina, sasa Mtera sehemu kubwa maji ni mafupi, kwenye mita 4 utapata ukanda wa mita 15 hivi, hamtamaliza. Hiyo hela wekeni kwenye kupima kimo cha maji, yaani uso wa maji uko juu kiasi gani. Bwawa likijaa linatandaa zaidi ya kilomita za mraba 600, ukikosea kimo sentimita 10 tu umeshapoteza au kuongeza mita za ujazo milioni 60!! Hakuna mashine itakayokuokoa hapo.

Mama_Hydro:
Naunga mkono. Mistari ikate mkondo wa zamani wa mto, mita 500 kwenye tambarare zinatosha ila midomoni mwa mito shukeni hadi 100 maana tope linaanza kutua hapo. Kwa mita 500 bwawa zima ni kama kilomita 1,200 za mistari, boti ikienda kilomita 8 kwa saa ni saa 150 majini, bado mistari ya kukatiza ya kuhakiki. Na jamani ile miti mikavu iliyosimama majini, ekosaunda inasoma matawi inadhani ni sakafu, kwa hiyo data isafishwe na mtu anayeijua sio kuachia programu. Mkipata ekosaunda ya masafa mawili ya sauti chukueni, 200 kHz inaishia juu ya tope laini, ile ya chini karibu 30 kHz inapenya kidogo.

Mpimaji_Dom:
Asante sana dada. Na mwezi?

fundi_ramani:
Mei, mvua zimeisha maji yako juu, boti inafika mbali. Kingo zilizobaki rusheni droni kiangazi, kimo kikikaribia mita 690 juu ya usawa wa bahari ambacho ndo cha chini cha kuendeshea bwawa (kujaa ni 698.5). Pimeni asubuhi, mchana upepo unasukuma maji upande mmoja, wekeni vipima kimo viwili, ukutani na kule juu mto unakoingilia. Kila asubuhi shusheni sahani ya chuma kwa kamba iliyopimwa chini ya sensa ya ekosaunda muone kama inasoma kina kile kile, maana spidi ya sauti kwenye maji inabadilika na joto.

mvuvi_mstaafu:
Tafuteni nahodha wa hapo hapo, anajua nyavu zimetegwa wapi na viboko wanakaa wapi. Boti ndogo bila jaketi za kuokolea msithubutu, mamba wapo.

Mpimaji_Dom:
Nimewaelewa wakuu. Tukikuta benchimaki (alama za kudumu za kimo) za zamani zimeng'olewa tunaanzaje?

Mama_Hydro:
Anzia kwenye rula ya kimo wanayosoma waendeshaji bwawa, maana jedwali lao lote la kimo na ujazo linafuata hiyo. GPS ikitoa tofauti iandikeni pembeni, msihamishe sifuri yao kimyakimya.