Bitwarden haniulizi YubiKey kila nikifungua, ni kawaida?

mgeni_wa_funguo:
Habari wakuu. Nimepata YubiKey (kile kifaa kidogo cha USB cha kuthibitisha kuwa ni wewe) nikaisajili kwenye Bitwarden, programu ninayotunzia paswadi, kama hatua ya pili ya kulogini, mara ya kwanza ikaniambia nichomeke niguse, safi kabisa. Sasa tangu hapo nikifungua kwenye brauza inataka paswadi kuu tu, ufunguo uko mfukoni na paswadi zangu zote hizo hapo zinaonekana. Kwenye simu ndio kabisa, kidole tu nimeingia. Kuna setingi nimeiruka au? Na mtu akiiba laptop, huo ufunguo si kama haupo?

fundi_mitambo:
Kawaida mkuu. Kulogini na kufungua loki ni vitu viwili. Ukilogini unaongea na seva, ndio hapo ufunguo unaombwa, kisha paswadi zako zinashuka kwenye kifaa zikiwa zimefungwa. Baada ya hapo programu inajiloki tu hapohapo kwenye kifaa, haimuulizi mtu, sasa ufunguo auombe nani? Ukitaka iombe kila mara, nenda setingi pale kwenye muda wa kujifunga uchague ilogauti badala ya kuloki, na ukilogini usiweke tiki kwenye kukumbuka kifaa. Ila utachoka, na bila intaneti huingii. Mimi nimeweka hivyo kompyuta ya ofisini tu.

asiyelala:
Kuhusu laptop: kwa ulivyoweka wewe, ufunguo haufungi data, kinachofunga ni paswadi kuu, kwa hiyo kama paswadi yenyewe ni jina la mtoto na mwaka, YubiKey haitakuokoa 😅 Kazi yake ni kumzuia mtu wa mbali aliyeshaipata paswadi yako. Na hapo inazipiga bao zile namba 6 za kwenye simu, maana tovuti feki ikikuomba namba unaziandika mwenyewe kwa mkono wako, ila ufunguo ukiusajili kwa FIDO2 (mfumo wa kulogini kwa ufunguo) umefungwa na anwani ya tovuti uliyousajilia, herufi moja ikibadilika haufanyi kitu hata uuguse mpaka kesho.

Ukitaka ufunguo uingie kwenye kufuli lenyewe tumia KeePassXC, programu nyingine ya paswadi inayoziweka kwenye faili ndani ya kifaa chako, kule unaweza kuweka faili isifunguke bila paswadi pamoja na jibu la YubiKey. Lakini ukiupoteza na hukuweka siri ileile kwenye mwingine tangu mwanzo, faili imekwenda, hakuna wa kumlilia.

mgeni_wa_funguo:
Aaah sasa nimeelewa, nabaki Bitwarden. Ila nina mmoja tu, ukipotea je? Naweza kuunakili?

fundi_mitambo:
Haunakiliki, siri yake haitoki nje. Tafuta wa pili uusajili nao kivyake, ukae sehemu tofauti na wa kwanza. Halafu ile namba ya kurejesha akaunti iandike kwenye karatasi, tena leo, wengi wanaihifadhi humohumo ndani ya Bitwarden halafu siku wanaihitaji ndio wanakumbuka iko ndani. Na kama njia ya imeili bado imewashwa kama hatua ya pili, izime, maana aliyeingia kwenye imeili yako hana haja ya kuhangaika na ufunguo.

asiyelala:
Niongezee, kama umeuwekea PIN ya FIDO2 usibahatishe. Ukikosea mara 8 mfululizo inajifunga, dawa ni kuiriseti, na ukiriseti FIDO yote inafutika unaanza kusajili upya kila akaunti.

mgeni_wa_funguo:
Duh. Poa, naenda kutafuta karatasi.