Wakuu, naomba ushauri: kuongeza RAM kwenye laptop ya zamani

Mtu wa Kimara: Wakuu, habari za jioni. Laptop yangu ina RAM 4GB, nikifungua Excel pamoja na kivinjari inaganda hadi mshale hausogei. Nataka ifike 8GB. Ninunue ya kampuni gani? Naomba majibu leo, kesho asubuhi kuna mtu natakiwa nimjibu.

Bibie Makorora: Achana na RAM, weka SSD, ile diski ya kasi. Utakuja kunishukuru.

Fundi Buguruni: Kampuni baadaye. Modeli gani?

Mtu wa Kimara: HP ya kawaida tu.

Fundi Buguruni: HP ziko kibao. Igeuze usome.

Mtu wa Kimara: EliteBook 8440p, i5.

Fundi Buguruni: Hiyo ya 2010, inatumia RAM aina ya DDR3. i5 ya laptop ya kizazi cha kwanza mwisho wake ni 8GB, yaani 4 kwa kila sloti, kwa hiyo usinunue kijiti kimoja cha 8GB, chukua 4 na 4. Chomoa iliyomo usome kibandiko, utakuta PC3-10600S, hiyo PC3 ndiyo alama ya DDR3. Ukipata PC3L pia twende, ile ya volti 1.35 huwa inakubali na 1.5 ya mashine yako. Windows ni biti 32 au 64? Kama ni 32, haitavuka 4GB hata ujaze vipi.

Mtu wa Kimara: 64. Ila DDR4 haiwezi kukaa kweli? Kuna kijana Kariakoo nimeshamtangulizia elfu 20.

Fundi Buguruni: Umeshalipa ndiyo unauliza?

Mtu wa Kimara: Sijamaliza kulipa. Kasema kile kijino cha kwenye sloti anakisaga kidogo, inaingia. Halafu DDR4 ndiyo ya kisasa, itashindwaje na mashine ya zamani?

Fundi Buguruni: DDR3 ya laptop ina pini 204, DDR4 ina 260, na umeme wake volti 1.2. Asage mpaka wapi?

Mzee wa Kirumba: Vijana mnapenda sana vya chee. Mimi fundi alikaa na laptop yangu, ikarudi na 2GB badala ya 4. Siku hizi nasimama pembeni yake kama polisi mpaka arudishe skrubu ya mwisho.

Chumvi Kidogo: Hii chai. Jana kule kwenye matangazo si wewe uliyekuwa unauza DDR4 8GB, "mpya, bei maelewano"?

Mtu wa Kimara: Nilikuwa namuuzia mwenzangu. Tusitoke nje ya mada.

Bibie Makorora: 😂😂 Kumbe kijana wa Kariakoo ni yeye mwenyewe, anatafuta wa kusagiwa!

Fundi Buguruni: Mkuu, tupia picha ya kibandiko, yaishe.

Mtu wa Kimara: [picha] 2GB 2Rx8 PC3-10600S. Mmeridhika?

Fundi Buguruni: Basi mashine ipo, na ni DDR3. Kadai elfu 20 yako.

Mtu wa Kimara: Hairudishwi, imeandikwa kwenye risiti.

Chumvi Kidogo: Risiti ina jina la nani?