Mchanga wenye maji na tetemeko: kushindilia, nguzo za kokoto au paili?

Kiwanja_Kipya: Wakuu, kiwanja changu ni mchanga mlegevu, maji unayakuta mita 2 tu chini, na huku matetemeko yapo. Mmoja kasema nishindilie, mwingine nguzo za kokoto (mashimo marefu yanayojazwa kokoto), mwingine piga paili, zile nguzo ndefu za kuzamisha ardhini, umalize. Nishike lipi?

UdongoMpole: Jua ugonjwa kwanza. Mchanga mlegevu ukitikiswa punje zinataka kubanana, sasa katikati kumejaa maji na kwa zile sekunde chache hayana pa kutokea, kwaiyo presha yake inapanda mpaka punje haziegemeani tena, na nguvu yote ya mchanga ilikuwa kwenye kule kuegemeana, ndo ardhi inakuwa uji. Nyumba inazama, matangi yaliyofukiwa yanaibuka juu. Mchanga uliobana tayari haufiki huko kirahisi. Mi nashindilia.

Paili_Tu: Na roller? hahaha. Roller inabana juu juu, mita 8 huko chini hata habari haijafika. Paili zinapita uji wote zinakaa kwenye tabaka gumu, kesi imeisha.

UdongoMpole: Nani kataja roller, kuna mashine ya kutikisa inashushwa na kreni hadi chini kabisa. Afu paili usizisifie hivyo. Niigata, Japani, 1964 maghorofa yalilala ubavu kama yamechoka, sawa, hayo hayakuwa na paili. Ila jengo jingine la paili lilibaki limesimama watu wakaendelea kulitumia, miaka kama 20 baadae kufukua msingi wanakuta paili za zege zimevunjika huko chini. Ardhi ilisogea pembeni ikazikata.

Bi_Kokoto: Mnasahau nguzo za kokoto jamani. Zinabana mchanga wa pembeni wakati wa kuziweka na pia zinayapa maji njia ya kupandia, presha isijikusanye. Mchanga ukiwa na vumbi laini jingi ile mashine ya kutikisa peke yake haibani vizuri, kokoto zinasaidia. Ubaya ni mtikisiko, nyumba za jirani zikiwa karibu utaitwa majina.

Paili_Tu: Hiyo ya paili kukatika sikuijua, nakubali. Ila na nyie mnabana kiwanja chake tu, ardhi yote ya jirani ikiteleza kuelekea mtoni je? Christchurch, New Zealand, 2011 kingo za mto Avon zilipasuka na kusogea, na Palu, Indonesia, 2018 mitaa mizima ilisafiri kwenye mteremko mdogo tu.

UdongoMpole: Hapo umenena. Kiwanja_Kipya, toboa mashimo ya kupima mpaka mita 15 au 20, uhesabu mapigo ya nyundo inayozamisha bomba la kupimia kwa kila sentimita 30. Chini ya 10 kwenye mchanga wenye maji ni hatari, yakizidi 30 lala usingizi. Na uangalie mto uko umbali gani.

Kiwanja_Kipya: Mto uko nyuma ya uzio 😅

Bi_Kokoto: Sa si ungeanza na hilo!