Kisu cha kubebeshea "cha mikono yote" ni cha mkono wa kulia, na sisi wenye mashoto tunalipa mara mbili

Wakuu, salaam.

Nimesubiri wiki mbili kabla ya kufungua uzi huu ili niandike kwa utulivu, lakini kila ninapokitazama kidole changu cha shahada hasira zinarudi palepale. Mimi ninabebesha miche ya parachichi, yaani ninaunganisha kikonyo (kijiti kilichokatwa kutoka mti mmoja) na shina la mche mwingine, katika kitalu changu karibu na Kiwira, wilayani Rungwe, na nina mashoto tangu kuzaliwa. Mwezi uliopita nilinunua kisu cha kukunja cha kubebeshea katika duka moja la pembejeo jijini Mbeya kwa shilingi 15,000. Kabla ya kutoa fedha nilimwonyesha muuzaji mkono wangu wa kushoto na kumuuliza waziwazi kama kisu hicho kitanifaa, naye akanijibu kwamba kisu ni kisu, kinafaa mikono yote.

Jibu hilo si la kweli, na mtu anayeuza zana za kubebeshea ana wajibu wa kujua hivyo. Bapa la kisu hiki limenolewa upande mmoja tu, na upande wa pili ni bapa kabisa, kama ilivyo kwa visu vingi vya kazi hii. Anayetumia mkono wa kulia, upande ulio bapa ndio unaolala juu ya kikonyo, kwa hiyo mkato unatoka umenyooka. Ukikihamishia mkono wa kushoto, upande ulioinama ndio unaogusa mti, nao unayasukuma makali yatoke nje kabla hayajafika mwisho. Ukilazimisha, yanazama ghafla na kuacha bonde katikati ya mkato. Wanaobebesha wanaelewa hasara yake. Kikonyo kinachongwa kama kabari yenye nyuso mbili zilizonyooka ili tabaka la kijani lililo chini ya gome likutane na lile la shina, na penye bonde hakuna kinachokutana na chochote, hata ukifunga nailoni kwa nguvu kiasi gani. Katika miche 40 ya kwanza niliyobebesha kwa kisu hiki, vikonyo 26 vilikauka, wakati kwa kisu changu cha zamani, ambacho kilivunjika, sikuwa ninapoteza hata 10.

Kufuli lake ni ubaya mwingine. Ni ulimi mwembamba wa chuma uliomo ndani ya mpini, ambao bapa likifunguka unaruka na kulizuia lisijikunje, na umewekwa ili kidole gumba cha mkono wa kulia kiusukume pembeni wakati wa kufunga. Gumba la kushoto linaukuta uko upande usiofikika, kwa hiyo unalazimika kuuvuta kwa kidole cha shahada, na kidole hicho kinabaki mbele ya makali yanayorudi. Jioni ya siku ya pili mikono yangu ilikuwa na utomvu na ubaridi wa ukungu, ulimi ukaachia kabla sijatoa kidole, na bapa likanikata hadi karibu na mfupa. Nilishonwa nyuzi nne. Ninaandika haya nikibonyeza herufi kwa kidole cha kati.

Kwa kuwa fedha ilikwisha kutoka, niliamua kukirekebisha. Nilinunua jiwe la kunolea kwa shilingi 8,000, nikakaa nalo jioni tatu mfululizo, nikiusugua ule upande bapa taratibu kwa maji hadi makali yakawa na mwinamo pande zote mbili. Kwa haki kabisa, hatua hiyo ilisaidia, kwa kuwa mkato ulianza kunyooka, ingawa haukuwa laini kama ule wa kisu kilichonolewa kwa ajili ya mkono husika. Kulibadilisha bapa lote liwe la kushoto haiwezekani bila kumaliza chuma.

Kilichobaki kilikuwa kishimo cha kuingizia ukucha unapofungua, ambacho nacho kimechongwa upande mmoja, ule unaolifaa gumba la kulia. Nilikipeleka kisu kwa fundi mmoja maeneo ya Mwanjelwa anichongee kishimo upande wa pili kwa shilingi 5,000. Alitumia grainda bila maji, nami nikiwa nimesimama pale nikaiona rangi ya bluu ikitambaa kutoka kwenye kishimo hadi karibu na makali. Wanaofahamu chuma wanaijua maana ya rangi hiyo: joto limefika karibu nyuzi 300 na ugumu umepotea. Tangu siku hiyo sehemu ile ya makali inajikunja kama bati ninapochonga vikonyo vinne au vitano. Hata ulimi wa kufuli nisingeweza kuugusa, kwa sababu mpini mzima umegongwa riveti na hakuna hata skrubu moja ya kufungua.

Niliporudi dukani kuomba nibadilishiwe, nilijibiwa kwamba nimekiharibu mwenyewe, kisha nikaambiwa, "Kaka, kushoto ni mazoea tu, jifunze kutumia kulia kama wenzako." Maneno hayo niliyasikia kwa mara ya mwisho nikiwa darasa la pili, yakiambatana na fimbo za mkononi, na sikutegemea kuyasikia tena nikiwa na miaka 38 na fedha yangu mkononi.

Asiniambie mtu kwamba zana za namna hii haziwezekani. Kampuni ya Tina ya Ujerumani inatengeneza visu vya kubebeshea vya mkono wa kushoto, na Opinel ya Ufaransa ina kisu chake namba 8 cha watu wa mashoto. Hata Okapi aliyokuwa nayo baba yangu, aina ya kisu kilichoanza kutengenezwa mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika, imenolewa pande zote mbili na kufuli lake liko mgongoni, unavuta pete na kukunja kwa mkono wowote.

Ninachodai ni hiki. Muuzaji aseme ukweli kwamba kisu kimenolewa kwa mkono wa kulia, na mteja aliyeuliza kabla ya kununua arudishiwe fedha yake. Jumatatu ninarudi katika duka hilo nikiwa na kisu, risiti na kadi ya zahanati, na nitamtaka mwenye duka mwenyewe, si kijana wa kaunta. Wakati huohuo, kama kuna mwenzangu mwenye mashoto aliyewahi kupata kisu cha kubebeshea cha kushoto, au kilichonolewa pande zote mbili, iwe Mbeya, Iringa, Njombe au Makambako, naomba ataje duka na bei. Nina miche zaidi ya 300 inayosubiri, na vikonyo nilivyovikata vimefungwa kwenye gazeti lenye unyevu, havitafika Ijumaa ijayo.